Nyumba Nyepesi za Mama Ramani

Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba za watu, na mtaani walimwita Mama Ramani. Jina lilimganda hivi kwamba hata mwenye chumba aliliandika kwenye risiti ya kodi, naye hakulisahihisha. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, ubavuni mwa duka la fotokopi: meza pana, viti viwili vya wateja, na ukutani michoro ya zamani iliyopauka kwa jua la mchana. Mteja akija alimkalisha, akamsikiliza mpaka amalize ndoto zake zote. Akirudi wiki inayofuata, alimgeuzia laptopu na kumtembeza ndani ya nyumba ambayo kiwanjani bado ilikuwa majani matupu. Watu walipenda matembezi hayo kuliko ramani yenyewe. Mzee mmoja aliyeuza matairi aliinua mguu kabisa, pale pale kwenye kiti, ili avuke kizingiti.

Shida ilikuwa hiyo laptopu ya kuwatembezea.

Aliinunua akiwa na dada yake mkubwa, mtumishi wa benki, ambaye tangu utotoni ndiye aliyekuwa akimchagulia viatu. Ilikuwa nyembamba kama sahani, rangi ya fedha, na ikifungwa ilitoa mlio mdogo wa kistaarabu. Muuzaji alipowaonyesha nyingine, nene na nyeusi, dada aliigusa kwa ncha ya kidole kama anayegusa samaki aliyeoza, akasema kwamba mtu anayeingia ofisi za watu abebe kitu cha heshima. Mama Ramani hakubisha. Kubishana na dada hakujawahi kumfikisha popote, na kusema kweli naye ile nyembamba ilikuwa imemwingia moyoni. Aliirudisha nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Haikuchelewa kumvunja moyo. Kwa kuandika barua haikuwa na kasoro. Ukiipa nyumba, ilipanda joto, feni ikalia kama nzi aliyefungiwa chupani, na picha ikaganda. Mara nyingi iliganda mlangoni, mteja mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hapo Mama Ramani alicheka kicheko kikavu na kusema mtandao leo unasumbua, ilhali mtandao wa watu haukuwa na hatia yoyote.

Akaipeleka kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye upara, aliyeitwa Bisibisi hata na mke wake. Bisibisi aliifungua, akapuliza vumbi, akachungulia, akaifunga.

"Mama, hii haiumwi," alisema. "Hii imezaliwa kwa ajili ya barua na picha za harusi. Wewe unaitwisha matofali."

Chini ya kaunta akatoa laptopu ya gemu. Ilikuwa nene, nyeusi, mgongoni ina mchoro wa kucha za mnyama, na alipoiwasha herufi za kibodi zikawaka nyekundu, kijani na zambarau, zikikimbizana kama taa za ukumbi wa disko. Bisibisi alieleza kwamba vijana wanainunua ili wapigane vita humo ndani, lakini kinachobeba vita ndicho kinachobeba nyumba: kadi ya picha iliyo ya kwake yenyewe, na feni mbili za kupumulia. Hata bei haikuwa ya kutisha. Ile nyembamba angeipokea, na Mama Ramani angeongeza kidogo tu.

Mama Ramani aliitazama. Akajiona mbele ya mkuu wa shule anayejenga nyumba ya kustaafia, akilifungua dude lile linalowakawaka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheti cha chuo, anatembea na mchezo wa watoto. Uso ukamchoma kwa aibu ya jambo ambalo bado halijatokea.

"Nitafikiria, fundi."

"Fikiria, mama. Ila usichelewe sana. Mashine dhaifu humzoeza mwenyewe udhaifu wake."

Aliyachukua kuwa maneno ya muuzaji, akaenda zake.

Basi ili laptopu isigande, akaanza kuzipunguza nyumba. Katika programu ya kuchorea kila kitu kina uzito, hata kama ni picha tu: jani la mti ni mzigo, mkunjo wa pazia ni mzigo. Kwanza aliondoa miti. Zikafuata samani. Kisha akagundua kwamba kona ya mviringo inaichosha mashine kuliko kona ya pembe, akaanza kuzinyoosha kona. Ngazi za kupinda zikawa ngazi za moja kwa moja. Kila nyumba ikawa na faili mbili, moja aliita "kamili" na nyingine "nyepesi", na nyepesi ndiyo iliyotembeza wateja. Alijiambia ni maonyesho tu, nyumba itajengwa kamili. Lakini mteja hujenga alichokiona. Akishatembea humo akaipenda, ukija kumwambia kuna kona ya mviringo hapa, anakutazama kama unayemwongezea gharama. Kwa hiyo zile kamili zikabaki ndani ya mashine, hazifunguliwi, na mwisho akaacha hata kuzichora.

Ajabu ni kwamba alisifiwa. Nyumba za Mama Ramani hazina makuu, watu walisema, zimetulia, zinafagilika. Chuoni mwalimu wake wa michoro alikuwa akimtania kwamba hajawahi kununua rula, kwa jinsi kuta zake zilivyopenda kuzunguka. Sasa alisifiwa kwa unyoofu, na aliitikia sifa hizo kwa adabu, kama mtu anayepokea pongezi za harusi ya mwenzake.

Ndipo ikaja zamu ya nyumba ya mama yake.

Yeye na dada yake walikubaliana kumtoa mama kwenye vyumba vya kupanga na kumjengea nyumba ndogo ya kwake, kwenye kiwanja kilichokuwa safari ya kutwa nzima kutoka walikoishi wao. Mama aliomba kitu kimoja. Alitaka jiko likae kwenye kona ya mbele, na dirisha lizunguke kona hiyo, ili akiwa anakoroga chungu aone geti upande huu na barabara upande ule. Maisha yake yote, alisema, amepika akiwa ameipa dunia mgongo, watu wanaingia wanamshtua.

"Nataka safari hii nimwone mtu kabla hajaniona," alimwambia binti yake. "Hata akiwa wewe. Nijue umekuja na uso gani."

Mama Ramani alilichora dirisha hilo kama alivyochora enzi za chuo. Lilizunguka kona taratibu, vioo vyembamba vya vipande vipande kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake benchi la saruji, mahali pa kukaa mtu anayechambua mchele huku akipiga soga na mpishi. Vioo vilikuwa vingi, kila kimoja na fremu yake, na laptopu ikakataa katakata. Kila alipofika jikoni iliganda. Akatengeneza nyepesi. Kona ikawa ukuta, kwa muda tu, alijiambia, mpaka apate nafasi ya kurudi kwa Bisibisi.

Fundi mwashi alikuja asubuhi kuchukua ramani ya mwisho, lori lililokuwa likimpeleka huko likimsubiri barabarani. Mama Ramani akafungua ile kamili. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikazimika. Akaiwasha, akafungua tena. Dereva akapiga honi. Akakumbuka kwamba nyepesi ina vipimo vilevile, kasoro vitu vichache, akaichapisha kwa jirani wa fotokopi, akisema moyoni kwamba vile vichache ataviongeza kwa kalamu. Na kweli akainama juu ya karatasi, akaandika maelekezo ya bomba, ya choo, ya mlango wa nyuma. Dirisha likamtoka. Pale kwenye kona palikuwa na ukuta uliochorwa vizuri, na ukuta uliochorwa vizuri hauulizi kitu.

Alikwenda kiwanjani nyumba ikiwa imeshapigwa plasta, pamoja na dada na mama. Alipiga hatua chache kutoka getini, akainua macho, akaona ukuta mzima pale penye kona ya jiko. Dada ndiye aliyemrukia fundi kwa maneno.  Fundi alitoa karatasi kwenye mkoba, imekunjwa vizuri, akaitandaza juu ya mfuko wa saruji, wote wakaiona. Mama Ramani akamwambia dada amwache mtu wa watu, kajenga alichopewa. Akauliza kama kona inaweza kutobolewa.

"Kutoboa naweza, mama," fundi alisema. "Lakini nguzo ya tangi la maji imekaa hapo hapo, sababu niliona ni ukuta mzima. Tukiigusa hiyo, tangi tunashusha, paa tunafungua. Tunaanza upya."

Hapakuwa na cha kuanzia upya, na kila mmoja wao alilijua hilo. Mama aliingia jikoni peke yake. Waliomfuata walimkuta ameweka kiganja kwenye kona, plasta ikiwa bado na ubaridi wa maji.

"Ukuta nao unakinga upepo," alisema. Halafu akauliza rafu za vyombo zitakaa upande gani.

Wiki ile ile aliporudi mjini Mama Ramani alikwenda kwa Bisibisi. Safari hii hakuhitaji kushawishiwa. Alichukua flashi yenye nyumba ya mama, ile kamili, akaomba aijaribu kwenye laptopu ya gemu. Ilifunguka kabla hajavuta kiti. Akapita mlangoni bila kukwama, akapita sebuleni, akaingia jikoni, na dirisha likazunguka mbele yake lote, kioo kwa kioo, mwanga ukilala kwenye benchi. Nje geti lilionekana. Aliuacha mshale hapo bila kuugusa.

Bisibisi alikuwa amesimama nyuma yake, akakiri kwamba hiyo ni nyumba hasa, akauliza imejengwa wapi.

"Haikujengwa," alisema.

Aliinunua. Dada alipoiona mezani aliuliza kama mdogo wake ameanza kupigana vita, kisha akaona uso wake akayameza yaliyobaki. Wateja je? Yule mkuu wa shule, ambaye kwa ajili yake tu Mama Ramani alikuwa amebaki na ile mashine nyembamba muda wote huo, aliziona taa za kibodi akafurahi kama mtoto, akauliza duka liko wapi ili amnunulie mjukuu. Wengine hawakuziona kabisa. Walikuwa wakitazama nyumba zao. Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko yote. Aibu aliyoikwepa kwa gharama ile haikuwepo popote, ila kichwani mwake na kwenye ncha ya kidole cha dada.

Mama alipohamia, alikwenda kumtembelea, akaibeba laptopu. Hakujua hasa anataka nini. Pengine kumhakikishia mama kwamba alisikia, kwamba alichora. Walikaa sebuleni, akaiweka magotini mwa mama, akamwingiza mpaka jikoni. Mama alisogeza miwani, akalitazama dirisha kwa makini, kona mpaka kona, hata benchi alilitambua na kuligusa kwa kidole.

"Ni lenyewe," alisema. Kisha, bila hasira, akasema, "Funga, mwanangu. Unanionyesha ili nifanye nini?"

Akaifunga. Wakazungumzia habari za jirani mpya na bomba linalovuja, na mama akaenda jikoni kuivisha chai, akikohoa kidogo kila mara ili binti ajue kwamba yupo, asije akaingia ghafla akamshtua.

Miezi ikapita, na Mama Ramani alikuwa ameweka nadhiri: nyepesi tena, hapana. Siku moja wakaja mume na mke, mke muuguzi, mume dereva wa malori, wana kiwanja kizuri juu ya mteremko, kinaona bonde lote. Muuguzi alikuwa na hamu. Alisema hawajui kitu kuhusu nyumba, ila wangependa chumba chao kiitazame ile mandhari yote, Mama Ramani asiibane, achore anavyoona mwenyewe. Mama Ramani hakuwahi kupata mteja wa kumwambia hivyo.  Akaamua aanze hapo hapo, mbele yao, ili waone inavyoota.

Kuta mbili zikapanda haraka. Akafika kwenye kona, ile iliyolielekea bonde. Mashine ilikuwa baridi, feni hazisikiki, haina habari na uzito wowote. Mkono ukashuka, ukageuka, ukafunga kona kwa pembe.

Akafuta. Akaanza tena, na safari hii akaulazimisha mkono uzunguke. Ukazunguka, lakini mviringo uliotoka ulikuwa mzito, umebonyea katikati, kama wa mtu anayeigiza mwandiko wa mwingine. Akafuta. Akajaribu kuanzia upande wa pili. Alijua kabisa anachokitaka, angeweza hata kukieleza kwa maneno, lakini mkono uliokwenda kuleta ulirudi kila mara na kitu kidogo kuliko alichoutuma. Akafuta tena, na mshale ukabaki unapepesa kwenye nafasi nyeupe ya ile kona.

Wale wawili walitazamana. Muuguzi, ambaye kazi ilikuwa imemzoeza kuuliza polepole, akasogea mbele kidogo kwenye kiti.

"Mama, mashine inasumbua?"

"Hapana," Mama Ramani alisema. "Mashine iko sawa."