Mume Wangu Alipokonda

Mwaka ule mume wangu alipokonda, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa mtaa wetu wa Kamalondo, na hakuna aliyenielewa.

Yeye ni fundi cherehani. Kutwa alikaa kwenye mashine, chupa ya soda karibu na mkasi, na tumbo lilimtangulia kila alikokwenda. Baba yake alikufa kwa sukari. Kaka yake alikatwa mguu kwanza, ndipo akafa. Kwa hiyo daktari alipompima hakuzunguka.

"Papa, sukari iko juu kidogo, lakini bado haiko ugonjwa. Kama unapunguza tumbo na unatembea, inaweza kurudia nyuma. Kama unaacha, itaingia."

Nililishika neno hilo. Bukari, ugali wetu wa mahindi, nikampunguzia hadi donge dogo, sahani nikaijaza mboga za majani, sombe na lengalenga. Soda nikaipiga marufuku. Asubuhi alitembea mpaka upande wa Naviundu na kurudi, akinung'unika. Mvua zilipoanza, alizipunguza mwenyewe suruali zake zote kiunoni, akanionyesha kwa majivuno. Kipimo kilikuwa kimeshuka.

Lakini kwetu mwanamume akikonda, anayeshtakiwa ni mkewe. Ama hampikii, ama kuna ugonjwa wa aibu ndani ya nyumba. Dada zake wawili wa Kipushi walikuja Jumapili moja, wakamkagua shingo, wakakataa hata kukaa.

"Shemeki, ndugu yetu anabakia mifupa tu. Unamupikiaka nini?"

Nikawaeleza yote. Nikamtaja baba yao, nikamtaja kaka yao. Yule mkubwa akaniangalia kwa huruma niliyoichukia.

"Baba alikufa na mwili yake," akasema. "Alikuwa mutu wa kuonekana."

Wakaitisha kikao cha familia, nacho kikaamua apelekwe Kipushi akapumzike. Nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme neno. Alikuwa tayari anatafuta viatu. Ninampenda, lakini siku ile ningempiga kwa mwiko.

Alikaa huko mpaka kiangazi. Aliporudi mashavu yalikuwa yamejaa na suruali hazifungi. "Ona sasa bwana yako," wifi mkubwa aliniambia, kama anayerudisha chungu cha kuazima akiwa amekisugua vizuri. Mtaa mzima ulimpongeza, isipokuwa daktari. Sukari ilikuwa imeingia, na habari ya kurudi nyuma hakuitaja tena. Nililia mlangoni pa zahanati, watu wakipita.

Macho yalianza, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha miguu ikafa ganzi. Jioni moja nilimkuta na pini ya kushonea imezama kisiginoni. Alikuwa ameikanyaga kwenye karakana yake na kutembea nayo mpaka nyumbani bila habari. Kidonda kilipanda, kikamla vidole viwili. Mawifi walikuja hospitalini na bakuli la mandazi, wakalia kuliko mimi. Walimlisha kwa sababu wanampenda, na hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia, pengine ningepata nafuu.

Sasa kila jioni ninamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na kuchungulia kama kuna jeraha jipya. Ninajua tunakokwenda, nilimwona kaka yake. Sina tumaini, nina beseni na sabuni tu.

Jana nilimsugua polepole, nyayo zote mbili, kisha nikabaki nimemshika mguu ndani ya maji kwa mikono yangu miwili, kwa sababu tu nilitaka kumshika. Yeye alikuwa anatazama dari.

"Mama, anza basi," akasema. "Maji itapola."

Nikamwambia ndiyo ninaanza.