Nusu Kopo kwa Aliyelala

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwa nini mtu aliyelala bado anakula. Mimi nilijifunza hilo mahali palipomwagika damu.

Miaka ya hamsini nilikuwa mfunga vidonda katika shamba la chai upande wa Kimulot. Posho ya unga ilipimwa kwa kopo: kopo zima kwa mwenye kazi, nusu kwa aliye kitandani. Mpogoaji mmoja, mkata matawi ya michai, mwanamume mkubwa kuliko wote kambini, alijikata muundi wa mguu kwa kisu cha kupogolea hadi mfupa ukaonekana. Nilimlaza, akaanza kupewa nusu. Kidonda kikakataa kufunga, mbavu zikatokeza.

Siku ya posho, ndugu yake alimfuata stoo nyapara aliyeweka sheria hiyo.

"Mjazie kopo lake, bwana nyapara."

"Amelala. Kitanda ndicho kinachochuma chai?" Watu wakacheka.

"Mwili wake haujalala."

"Basi uambie ulale."

Ndugu alinyakua lile kopo la bati akampiga nalo mdomoni. Meno yakaanguka kwenye unga. Walinzi wakamrukia kwa rungu. Nilisikia mkono wake ukivunjika kama kuni kavu. Hata alipokuwa chini, aliendelea kuwauma miguu.

Niliwatibu wote wawili. Taya la nyapara lililovunjika nililifunga kwa bendeji, nikamlaza jirani na mpogoaji. Kwa sheria yake mwenyewe naye akapata nusu, uji mwepesi wa kunyonya kwa mrija. Kesho yake alipiga ukuta ngumi, akaonyesha tumbo.

"Pole, mzee," nikamwambia. "Mama zetu hufunika gogo la moto kwa jivu usiku. Asubuhi moto upo, lakini gogo limepungua. Moyo, pumzi na joto la mwili vinakula hata ukilala. Na moto mkubwa hula kuni nyingi. Huyu jirani yako ana njaa kukushinda."

Alimgeukia mpogoaji, akazitazama mbavu zake. Mgawaji alipoleta unga, nyapara alimkamata shati, akamtikisa, akagonga kopo kwa kidole mpaka likajaa pomoni. La mpogoaji kwanza.

Kidonda kilifunga. Mkono wa ndugu ulipona ukiwa umepinda, naye alifukuzwa kazi hata hivyo.

Nawe mwanamume, ukitaka kukadiria mahitaji ya mwili wako, panda mizani. Chukua uzito wako kwa kilo, uzidishe kwa ishirini na nne: hizo, kwa kukisia, ndizo kalori za kulala kutwa kucha. Kisha ongeza za kazi juu yake.