Kofia Yenye Tundu Kila Upande

Leo nimeingia duka la kanisa hapa Bertrams, linalouza vitu vilivyotolewa sadaka, nikakutana na ile harufu ya naftalini. Zamani mama alikuwa akinishika mkono kati ya rafu zile, baridi ya Joburg ikituuma. Siku moja alichomoa kofia nene ya sufu, yenye tundu kila upande.

“Ona, wamekuachia nafasi ya masikio,” akasema, akanivisha.

Bibi muuzaji alinitazama, akauma mdomo, kisha akaiweka sawa kichwani mwangu. “Amependeza,” akamwambia mama.

Niliivaa majira yote ya baridi, masikio nje, yameganda, nami nikijiona mtoto wa mfalme.

Leo nimeona nyingine kama ile. Imevishwa birika ili chai isipoe. Mdomo umetokeza kwenye tundu moja, mkono kwenye jingine. Nimecheka hadi machozi, nikavinunua vyote viwili, zawadi ya mama.

Jioni nimemwandalia chai. Akalitazama birika, akaivua ile sufu, akaikung'uta.

“Eish, wewe mtoto! Kofia nzuri hivi unalivisha birika, nawe kichwa wazi?”

Nimeweka kikombe chini, nikainama anivishe.