Mvua Niliyowapigia Kumbikumbi wa Chwele

Heri niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu kule Chwele hii stori imeongezwa chumvi mpaka ati nilikimbia hivyo hadi sokoni, na huo ni uongo, nilifika tu kwenye miwa. Lakini aibu ni ile ile, bana, na hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi natengeneza simu hapa Kibomet, Kitale, na siku hiyo nilikuwa nimeenda kwao Nekesa, msichana ninayempenda kufa, kwa sababu babake alisema nikuje, tukishakula ataniambia kama nimepewa tarehe ya kuleta ng'ombe wa mahari au nitafute kwingine. (Hakuwa na uhakika na Mkikuyu anayeshinda akichokora simu za watu.)

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likatoka, na mamake Nekesa alikuwa nyuma ya jikoni na majirani wawili, wameinama juu ya kichuguu, wanagonga kipande cha mbao kwa vijiti, tak-taka-tak, ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha watoke. Nusu saa, hakuna kitu. Mimi nimekaa mbali na baba, maana kwao mwanamume na mama mkwe hawakaribiani, hata mkono hawapeani, na hapo ndipo shetani akaniambia, si wewe ni fundi?

Nikauliza ile akili mnemba iko kwa simu yangu. Na haikunidanganya, wacha niseme ukweli, ilinieleza vizuri sana: kumbikumbi hawafundishwi na mtu, wanazaliwa wakijua kungoja mvua, na wanaihisi udongo ukitetemeka. Nikaiomba sauti ya mvua, ikanipatia. Nikachukua ile spika nilikuwa nimemletea baba zawadi, nikasema kwa sauti, "Mama apumzike, hii kazi imeisha!"

"Kijana wa Kitale amekuja na mvua kwa mfuko!" baba akacheka, na watu waliokuwa wanapalilia ng'ambo wakaacha majembe wakaja kuona.

Mama akanipisha, akageuka pembeni kwa heshima. Nikalaza spika kifudifudi juu ya kichuguu, nikaongeza besi mpaka mwisho, na ili isianguke (hapa mnicheke vizuri) nikakaa kando yake, hapo hapo kwenye kichuguu, nikiwa na suruali ya suti niliyoazima kwa ndugu yangu.

Udongo ulitetemeka kweli kweli, lakini kama mtu anabomoa nyumba, na kumbe hata hilo hao wadudu wanazaliwa wakilijua. Kumbikumbi hawakutoka. Walitoka askari, wale wa kichwa kikubwa chekundu, wakapanda ndani ya suruali kimya kimya, kisha wakauma wote pamoja.

"Uuuwi!" Niliruka. Na sitasingizia mtu, suruali niliivua mwenyewe, tena haraka. Nilipoinua macho, aliyekuwa amegeuka kuona ni nini kinalia hivyo ni mama.

Majirani wakafunika uso kwa leso. Baba akasimama, akakaa, akasimama tena. Mimi mbio hadi kwenye miwa, na huku nyuma simu, kwa sauti tamu kabisa, ikauliza kupitia spika, "Ungependa niongeze na radi?"

Huko kwa miwa nililia. Ndiyo, nililia, kwa sababu nilijua Nekesa nimempoteza. Nikachungulia, nikamwona anazima ile spika, na mama anangoja askari warudi ndani. Halafu mama akaweka kiganja kwenye udongo, akatulia, akaanza kugonga polepole kama manyunyu ya kwanza, akakaza kidogo, akaacha, akasikiliza, akarudia. Na wakatoka, jamani! Mabawa yaling'aa juani, sufuria ikajaa, nikasahau hata kujikuna. Hawa wadudu hawajawahi kutoka nje hata siku moja, mabawa yenyewe ni ya msimu huu, na mvua wanaijua. Mama hakuzaliwa akijua kuwaita, alifunzwa na mamake, akakosea miaka na miaka. Simu yangu nayo imesoma maneno ya dunia nzima juu ya mvua, na bado naiheshimu, ila haijawahi kulowa. Fundi mimi nilifunzwa kwa dakika moja, mahali siwezi kutaja.

Nekesa akaniletea suruali akiwa ameng'ata kitambaa asicheke. Baba akaniita. "Kijana, mama mkwe akishakuona hivyo, kwetu huwezi kurudi mbele yake kabla hujamletea blanketi la kufuta hiyo aibu."

"Na tarehe, baba?"

Akageuka kuangalia jikoni. Kutoka jikoni mama, ambaye haongei na mimi moja kwa moja, akamwambia Nekesa kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie alete blanketi Jumamosi, na ng'ombe wafuate. Mtu ameumwa hivyo, amechekwa hivyo, na bado amerudi kuuliza tarehe, sasa nimkatae, wewe nikutafutie nani?"

Blanketi nililipeleka, zito kabisa, nikaliweka mlangoni nikiangalia chini, na nikaapa hapo hapo: kazi ambayo mtu ameifanya tangu akiwa msichana, sitamwambia tena apumzike kabla sijamuuliza anaifanyaje.