Kilo Sabini na Moja

Jina la Mama Mizani halikutolewa kwa mapenzi. Waliompa ni madereva wa malori, na walilitamka huku wakisaga meno. Miaka ishirini na tisa alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya barabara kuu. Lori likipanda juu ya bamba la chuma, yeye anasoma namba, na namba ikizidi hata kwa mfuko mmoja wa saruji, geti halifunguki. Walimbembeleza, wakamtukana, mmoja akamlilia machozi kabisa. Wapi! Alistaafu na magoti mabovu, miwani minene, na jina ambalo hata mumewe alilitumia alipotaka kumchokoza.

Mumewe, Mwalimu, alikuwa amefundisha watu kuendesha gari maisha yake yote. Kwa hiyo kwenye mambo ya gari haambiliki. Mkosoe kuhusu sala zake, kuhusu mavazi yake, hata kuhusu ukoo wake, atakusikiliza. Gusa gari uone. Anavuta pumzi, anatazama dari, anasema, "Mimi nimefundisha watu elfu nne."

Safari ilikuwa ndoto yao wote wawili. Walinunua kigari kikuukuu wakakigeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki la kuoshea vikombe viwili, pazia alilolishona Mama Mizani mwenyewe. Mwezi mzima barabarani, wao peke yao, watoto wameshaondoka nyumbani. Ndivyo walivyokubaliana. Kisha, wiki moja kabla ya kuondoka, Mwalimu akarudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea, keria ya chuma imetokeza nyuma ya gari, na juu yake pikipiki nyekundu imekazwa kwa mikanda minne.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kwenda dukani tukishapaki. Huwezi kuhamisha nyumba kila ukiishiwa chumvi. Nimeipa jina, Malkia."

Ebo! Miaka thelathini na sita ya ndoa, mwanamke hajaitwa malkia hata siku ya harusi, leo cheo kimekwenda kwa pikipiki.

Mama Mizani alimeza hasira. Lakini safari ilipoanza, hawajafika mbali akaona usukani unacheza mikononi mwa mumewe.

"Mkia umezidi," alisema. "Uzito ukining'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, unanyanyua pua. Matairi ya mbele hayakamati barabara."

"Ni upepo."

"Upepo gani? Hata majani hayatikisiki."

"Elfu nne, Mama Mizani. Elfu nne."

Basi ikawa vita. Asubuhi wanagombania kasi, mchana wanagombania nani kaacha gesi wazi, na jioni hawaongei kabisa. Kila walipopaki, Mwalimu alifungua ile mikanda, akamshusha Malkia kwa ubao, akampangusa vumbi, akatokomea. Masaa matatu, manne. Anarudi na nyanya mbili na uso wa mtu aliyekula raha. Kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki alikuwa amefunga boksi la vifaa, kwa hiyo hata ukitaka kupanda, utapanda wapi? Mke alibaki na sinki lake na pazia lake, akilinda kigari kama askari wa getini. Siku ya nne alimwambia waziwazi, "Umenileta huku nikulindie godoro." Mwalimu akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomkata maini.

Siku ya tano waliingia kwenye kona ya mteremko, na gari likakataa kukata. Mwalimu alizungusha usukani, pua ikaendelea kwenda mbele kama haijaambiwa kitu, mpaka wakavuka mstari wa katikati. Lori lililokuwa linapanda lilipiga honi ndefu likawapita kwa upana wa kiganja. Vikombe viwili vilianguka ndani ya sinki. Mwalimu alirudisha gari upande wake, na barabara ikanyooka.

"Kuna mizani mbele," Mama Mizani alisema. "Ingia."

"Mizani ni ya malori."

"Ingia! Ikiwa haijazidi, sitafungua mdomo wangu tena mpaka tufike nyumbani. Ikizidi, pikipiki inashuka inabaki hapo. Sitaki kufa kwa ajili ya chuma, Mwalimu. Chagua leo."

Mwalimu alifikiria ile zawadi ya ukimya. Akasema, "Nimekubali," akawasha taa ya kuingia.

Kwenye kibanda alikuwamo karani mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye Mama Mizani alimfundisha kazi. Alifurahi mno, akatoka na shikamoo zake mbili mbili. Kisha kigari kikapanda bamba, mume na mke ndani, furaha ikaisha.

"Mmezidi kilo sitini, mama," alisema kwa aibu. "Kikomo cha gari hili ni elfu mbili mia sita. Na ekseli ya mbele ni nyepesi sana. Kama mna maji kwenye tangi, mwageni."

"Tangi ni tupu tangu asubuhi," Mama Mizani akajibu. Akamgeukia mumewe. Hakufurahi kushinda, alikuwa anasubiri tu aione mikono yake ikienda kwenye mikanda. "Haya. Uliahidiana na nani?"

Walishuka wote wawili, Mwalimu akazunguka gari. Aliitazama pikipiki. Akamtazama mkewe, kutoka kichwani mpaka viatuni, polepole, na midomo yake ikicheza kidogo kama mtu anayepiga hesabu.

"Wewe una kilo ngapi?"

"Nini?"

"Sabini na moja, si ndivyo? Kaa pembeni kidogo. Karani, pima tena."

Karani alimtazama yule mama aliyemfundisha kazi, akashindwa pa kuweka macho. Mama Mizani alisogea mpaka kwenye ukingo wa saruji, mkoba mkononi. Mwalimu akarudi kwenye usukani, kigari kikapimwa.

"Kumi na moja chini ya kikomo," karani alisema kwa sauti ndogo. "Imepita. Lakini mbele imepungua zaidi, mzee."

"Imepita, imepita," alisema Mwalimu. Geti likafunguka. Alisogeza gari hatua ishirini mbele, akasimama, akaegemea upande wa pili na kufungua mlango. Alikuwa anatabasamu. "Panda basi, mama. Ujanja kidogo tu. Kwani nani hajui? Matingo wa malori wote wanashukia huku na kupandia kule."

Nani hajui! Nusu ya umri wake alikuwa akiwarudisha watu wa ujanja huo. Sheria ya mizani ni moja, na aliwahi kuisema mbele ya madereva wenye panga chini ya kiti: mzigo ulioshushwa haupandi tena.

Mama Mizani alitembea zile hatua ishirini, magoti yakimuuma. Mwalimu akasogeza ramani kumpisha kwenye kiti.

"Usizidi hamsini," Mama Mizani alimwambia. "Kwenye kona, thelathini. Mbele hakuna uzito tena."

Akafunga mlango kutoka nje.

"Wee! Wewe mwanamke! Utani huo!" Mwalimu aliruka chini, akakimbilia nyuma ya gari, akaanza kuifungua mikanda, wa kwanza, wa pili, vidole vinateleza. "Haya, ona! Naishusha! Si ndicho ulichotaka? Naishusha!"

"Ishushe, usiishushe, shauri yako," alisema Mama Mizani. "Mimi nimeshashushwa."

Alirudi kibandani. Karani akampisha kwenye kiti chake, na Mama Mizani akamuuliza basi la kurudi linapita saa ngapi.