Machozi ya Siku ya Posa

Jumamosi nilikuwa kwenye posa huko Isansa. Kijana kutoka Tunduma aliingia ananukia spreyi mpaka nzi wakahama. Mshenga akaeleza kilichowaleta, na baba akamuuliza binti, "Mwanangu, mgeni huyu unamfahamu? Tumpokee?"

Binti akapiga chafya. Machozi yakamwagika, macho yakavimba.

Mjomba wake akaweka soda chini. "Analia huyu, hamtaki. Chukueni vitu vyenu mwondoke."

Kijana akatoka, kichwa chini, na chafya za binti zikakatika. Akarudi kuchukua kofia, zikaanza upya. Nikasema, "Mjomba, halii huyo. Ni hiyo spreyi inamdhuru. Fungueni madirisha, na kijana akaoge!"

Akaoga kwa sabuni ya mche, akavalishwa shati la mjomba lililomfika magotini. Binti akamtazama kwa macho makavu. "Namfahamu. Mpokeeni. Ila chupa yake ibaki hukohuko Tunduma."

Vijana, kabla ya kujipulizia, muulizeni mwenzenu kinachomdhuru. Na kifua kikimbana, msingoje mshenga, mkimbizeni hospitali. Sisi bibi zenu tuliposwa na wanaume wanaonuka jasho na kahawa, wala hatukupiga chafya. Machozi yetu yalikuwa ya kweli.