Magugu Niliyong'oa Pwani

Siku ile, mjukuu wangu, naikumbuka kwa kucha zangu. Zilikuwa zimejaa mchanga mweupe, na mimi nilijiona mtu wa maana sana kwa sababu yake.

Nakueleza leo kwa kuwa jana ulinipigia simu kutoka Nakuru ukanisomea ratiba ya safari yenu. Mtalala katika hoteli ya ufuoni, halafu siku ya pili mtazuru vijiji vya kale vilivyo karibu. Vinne, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Nikakuuliza mtafanya nini huko. Ukasema, "Shosho, wacha presha. Tunafika, tunapiga picha, tunasonga." Nilikata simu nikaenda kukama, na hata ng'ombe alijua nimekasirika.

Vinne! Mimi nilipanga vitatu tu, na bado niliharibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, katibu wa kwaya ya kanisa letu hapa Subukia. Tulikuwa tumeshuka Pwani kuimba, tukapewa siku moja ya mapumziko. Nikaandika kwenye daftari: kijiji cha kwanza saa tatu, cha pili saa tano, cha tatu saa nane. Cha kwanza tulikipita kama watu wanaofukuzwa. Sikumbuki chochote cha huko ila mlango wa mbao uliochongwa maua, na hata huo niliuona kwa jicho moja, la pili likihesabu watu.

Tulipofika cha pili, mwenyeji wetu, mzee mpole sana, alituambia tukae kivulini aende awaambie wenyewe kwamba wageni wamefika. Nikatazama saa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi ya mawe ya matumbawe, ya kale kweli, na pembeni yake matuta madogo ya mchanga yasiyo na jina. Kote majani yamefika magotini.

Sasa wewe unajua sisi ni watu wa aina gani. Mtu wa Subukia akiona magugu, mikono inamwasha. "Watu gani hawa wanaacha wafu wao kichakani?" nikasema, tena kwa sauti. Nikawaambia wanakwaya tusafishe huku tukimngoja mzee. Tukapalilia tukiimba. Baada ya nusu saa pale palikuwa kama shamba la maharagwe, na mimi nimeshika kiuno nikipatazama kwa fahari.

Mzee akarudi na mama mmoja, Bi Rukia, mwenye kopo la maji mkononi. Mama akasimama. Akatazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Nani kang'oa mrehani wangu?"

Mimi hata huo mrehani sikuujua. Akatueleza kwamba binti yake alizikwa pale bila jiwe wala jina, na kwamba alikuwa amempandia mmea ule wenye harufu nzuri upande wa kichwani, ili amtambue. Matuta yalikuwa zaidi ya ishirini. Sasa yote yalifanana.

"Haya, nionyeshe wewe," akaniambia. "Mwanangu yuko wapi?"

Nikaanza kujitetea kwamba tulitaka kusaidia. Akanikatiza.

"Kwenu wapi?"

"Subukia, huko Nakuru."

"Na huko Subukia, mtu huingia kwa mtu akaanza kulima kabla ya kupiga hodi?"

Niliona aibu hadi masikioni. Kwetu hata anayekuja kuazima jembe husimama langoni akaita mpaka aitikiwe. Nililelewa hivyo. Kumbe siku ile adabu niliiacha nyumbani, nikabeba daftari.

Nikapiga magoti kwenye rundo la majani, nikanusa shina moja moja. Kamau wetu wa besi akaguna, "Katibu, na kile kijiji cha tatu? Saa nane ndiyo hiyo inakuja."

"Nenda na hiyo saa nane!" nikamjibu.

Nikaupata mrehani. Lakini ulitoka tuta gani? Nikamuuliza Bi Rukia kama huumwagilia.

"Kila asubuhi. Leo ndiyo nimechelewa, nilikuwa nawakaangia nyinyi mahamri."

Hapo ndipo nilipotamani kufukiwa pamoja na yale majani. Nikaingiza vidole katika tuta moja baada ya jingine, kama ninavyopima kitalu cha kabeji. Mchanga mkavu. Mkavu tena. Nilifika la kumi na ngapi sijui, na ndani yake, chini kabisa, nikahisi ubaridi. Bi Rukia akapiga magoti, akaingiza mkono wake kando ya wangu.

"Ndiye," akasema.

Tukaupanda upya, akamimina kopo lote. Kijiji cha tatu hatukukiona, na Kamau hakunisemesha hadi tulipofika Gilgil, karibu na nyumbani. Kama mmea ulishika, sijui. Jua la kule ni kali nao ulikuwa umeshanyauka. Sikurudi kuuliza, na hilo linaniudhi hadi leo kuliko mengine yote.

Basi chukua kalamu ufute vijiji vitatu, ubaki na kimoja. Mkifika, simameni nje muite, na mngoje hata jua likiwachoma. Salimieni watu kabla ya kutazama kuta. Simu zikae mfukoni mpaka mwenyeji aseme. Wala msitengeneze kitu ambacho hamkuombwa, hasa wewe, maana mikono hiyo inayowasha umeirithi kwangu. Na ukiona mrehani juu ya kaburi, usiuguse. Uliza kama unaruhusiwa kuumwagia maji, kisha urudi uniambie.

Mungu akushushe salama, akupandishe salama, na kila mlango utakaoubishia hodi, pawe na mtu wa kukuitikia.